Mashahidi wa Udongo

Jumanne, tarehe 14 Oktoba, mwaka 1873, saa moja ya asubuhi. Hapo ndipo mambo ya Haselrot yalipoharibika.

Siku hiyo ilikuwa ya kuzungukia mipaka na kukagua mawe yake. Kijiji kizima kilikuwa kimevaa nguo za kanisani kikingoja kengele, na wanaume walikwisha kuionja pombe ya matofaa kabla ya wakati wake. Apollonia Hohl alipanda uwandani kumpelekea baba yake mkate na kipande cha nyama ya nguruwe, kwa kuwa mzee alitangulia peke yake tangu alfajiri na hakusema kwa nini. Alimkuta kando ya jiwe la arobaini na moja, pale ufalme wa Württemberg unapokwisha na ule wa Bavaria unapoanza, kalala kifudifudi, kisogo kimepasuliwa kwa mtaimbo wake mwenyewe. Kaspar Hohl alikuwa mkubwa wa Wazee Saba, wale walioapishwa kuweka mawe ya mipaka na kuyalinda.

Sajini Ottmar Rapp, askari wa wilaya, alifika saa tatu kwa miguu. Serikali ya mfalme ina farasi wa kuwavuta mabwana kwenda kuwinda, lakini haina farasi wa askari. Mshitakiwa alikuwa amekwisha kuandaliwa: Jörg Wacker, msuka vikapu, kafungwa kamba kwenye gurudumu la mkokoteni, pua inamtoka damu.

"Nimekurahisishia kazi, Rapp," alisema Jumbe wa kijiji, Ehrhard Zipperer, akifuta mikono kwa leso safi. "Kofia yake tumeiokota hatua nne kutoka kwa marehemu. Wewe andika tu."

Rapp hakuandika. Alipiga magoti akalitazama jiwe.

Ilipofika Alhamisi asubuhi, barua ilikuwa imeshuka kutoka bomani. Mkuu wa wilaya alisema kesi iko wazi, mfungwa apelekwe mjini kesho Ijumaa kabla ya saa sita, na Sajini aache kupimapima mashamba ya watu. Rapp aliisoma mara mbili, kwa sababu kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu, akaikunja na kuitia ndani ya buti. Alikuwa na siku moja.

Mahabusu ya kijiji ilikuwa imeanguka paa tangu vita vya Ufaransa, na pesa za paa zilikwenda zinakokwenda pesa. Kwa hiyo Jörg alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha tanuri la kijiji, nyuma ya kuni.

"Karibu, afande," alisema. "Nyumbani kwangu sijapata kulala pakavu namna hii. Wakinikata kichwa, waambie wakikatie humuhumu."

"Mzaha wako uweke. Kofia yako ilifikaje uwandani?"

"Iulize kofia. Mimi niliiacha kwenye msumari wa baa Jumapili, nilipotolewa nje kwa kushikwa kola."

"Mwenye baa anasema hakumbuki."

"Hakumbuki! Glasi niliyovunja kabla ya vita anaikumbuka, kofia ya juzi haikumbuki. Mwenye baa kamwoa dada yake nani?"

"Dada yake Jumbe."

"Haya. Umeshajibu mwenyewe."

Rapp alivuta kigogo akakaa. "Jumapili mligombana nini na Kaspar?"

"Chemchemi, nini tena? Miaka yote chemchemi ya uwandani ilikuwa upande wa kijiji. Mabata wa maskini walikunywa pale, mimi nililoweka fito zangu pale. Mwezi wa nane Jumbe, mwenye shamba la ng'ambo ya jiwe, kazungushia uzio. Anasema tazameni jiwe, chemchemi iko kwangu. Tukatazama, kweli jiwe liko huku. Nikamwambia Kaspar: jiwe hili limetembea, ling'oe uangalie chini. Akaniambia mambo ya mawe hayasemwi baani. Nikamwita mzee mwoga." Jörg alitazama kuni. "Ndilo neno langu la mwisho kwake."

Rapp alimpa mtaimbo. "Shika."

Jörg aliushika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulining'inia tu kama soksi kwenye kamba. Risasi ya vita vya Ufaransa, kule Champigny, iliumaliza, na mfalme akampa medali.

"Upige ukutani."

Aliupiga. Chokaa ikaruka.

"Kupiga unaweza," alisema Rapp.

"Naweza, afande. Sitakudanganya. Ila kuhamisha jiwe lenye uzito wa wanaume wawili, kwa mkono mmoja, siwezi. Na aliyempiga Kaspar ndiye aliyelihamisha. Nani mwingine angeogopa ling'olewe?"

Jambo hilo Rapp alikuwa amelifikiria tangu Jumanne. Alipopiga magoti siku ile aliona mstari wa udongo mwekundu ukizunguka jiwe, vidole viwili juu ya majani. Jiwe la mpaka huzikwa likaachwa mahali pake miaka mia, na mstari wa udongo hauwi juu ya ardhi. Huwa sawa na ardhi. Hili liliwahi kukaa kwenye shimo refu, sasa limekaa kwenye shimo fupi, kwa sababu pale penye uzio mwamba uko karibu. Kuvu wake walielekea upande uleule walioelekea kuvu wa mawe mengine. Aliyelihamisha alikuwa mtu mwangalifu.

Jumatano alikwenda na karatasi ya ramani ya ufalme, ile ambayo vijana wa Stuttgart walipita wakiichora zamani, shamba kwa shamba, kutoka Ziwa Konstanz hadi mto Tauber. Akapima kwa mnyororo kutoka kwenye msalaba wa njia panda. Jiwe lilikuwa limesogea futi tisa. Futi tisa zilitosha kuimeza chemchemi.

"Umepimia mnyororo gani?" Jumbe alimwuliza jioni ile, amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake. "Wa kwetu au wa Bavaria? Fimbo ya kupimia ya Bavaria ni ndefu kuliko yetu. Na sasa bomani wanataka tupime kwa mita. Wewe ukipima utajikuta Ufaransa."

"Nilipima kwa mnyororo wa kwetu. Nikarudia kwa mita."

"Basi ramani ndiyo mbovu. Wale vijana walikuwa walevi." Jumbe alicheka. "Sheria unaijua, Sajini? Jiwe lenye mashahidi linaishinda ramani. Ling'oe. Mwite mzee Veit wa Wazee Saba aangalie chini. Mimi sina kipingamizi."

Alikubali upesi mno. Rapp aliondoka na upesi ule kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko noti aliyotoa.

Alhamisi hiyo, kutoka kwenye tanuri, alikwenda moja kwa moja kwa Veit Schümm. Mzee alikuwa ghalani anakamua matofaa, miaka sabini na minne, mgongo umepinda, mikono kama mizizi.

"Shikamoo, Mzee Veit."

"Marahaba. Kama umekuja kunywa, bado ni tamu, haijachacha. Kama umekuja kuuliza mawe, mlango ni ule ule ulioingilia."

"Wazee Saba mko wangapi sasa?"

"Unajua tuko wangapi. Wawili walikufa kwa homa, mmoja alikufa vitani, mmoja kahamia Amerika, mmoja kapooza na hasemi. Kaspar Jumanne. Nimebaki mimi."

"Na nafasi zao?"

"Jumbe ndiye anayeitisha uchaguzi. Miaka minne anasema kesho." Veit alikaza skrubu ya mashine, maji ya kahawia yakachuruzika. "Sisi tuliokuwa tunalia njaa tukamwacha mwenye shibe atushikie kijiko."

"Nieleze mashahidi. Yale unayoruhusiwa."

Mzee alimtazama kwanza kama anayemtazama ng'ombe wa kununua. "Ukizika jiwe, chini yake unaweka vigae vya udongo wa kuchoma. Hao ndio mashahidi. Wangapi, wamepangwaje, wameelekea wapi, hiyo ni alama ya kijiji. Kila kijiji na yake. Mwapishwa humnong'oneza mwapishwa. Mke hajui, mwana hajui, mchungaji hajui, mfalme hajui. Siku ya kung'oa, wote hugeuka wakatoa mgongo. Jicho lisiloapa likiona, mashahidi wamekufa na jiwe limekufa. Mahakama ya mfalme yenyewe imeandika hivyo."

"Kwa hiyo mwizi akisogeza jiwe peke yake?"

"Chini patakuwa patupu. Au atasogeza na vigae, lakini hatajua kuvipanga. Nitajua kwa kutazama mara moja." Alikohoa. "Baba yangu alibatizwa chini ya bwana wa Ansbach, akaoa chini ya mfalme wa Prussia, akabeba bunduki ya Bavaria, akazikwa chini ya Württemberg, na kitanda chake kilikuwa kile kile. Kila mfalme alikuja na ramani yake. Mawe tuliyaweka sisi."

"Jumbe Zipperer si wa hapa."

"Ni wa Kreuzfelden, ng'ambo, Bavaria. Alikuja kuoa."

"Baba yake alikuwa nani kule?"

Mzee aliacha kukamua. Nje kuku walikuwa wakigombea maganda.

"Alikuwa mmoja wa Saba wa kule," Veit alisema mwishowe. "Akapotewa na akili miaka miwili kabla ya kufa. Ehrhard ndiye aliyekuwa akimlisha uji."

"Mtu akipotewa na akili husema nini, mzee?"

"Husema yale yote aliyoapa kutoyasema."

Rapp alivaa kofia yake. "Saa nane mchana tunaling'oa."

Saa nane uwandani palikuwa na ukungu mwepesi uliopanda kutoka bonde la mto Jagst, na kunguru walikuwa wakiokota nafaka kwenye makapi. Rapp alikuja na Jörg, kamba kiunoni. Apollonia alikuja bila kuitwa, kavaa nguo nyeusi. Jumbe alikuja na vibarua wake wawili, na alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kupigwa picha.

"Huyu binti wa nini hapa?" aliuliza.

"Baba yangu amefia hapa, Bwana Jumbe," alisema Apollonia. "Mimi nina haki na mahali hapa kuliko wewe na uzio wako."

"Pole kwa msiba, binti. Lakini ulimi huo utakukosesha mume."

"Bora nikose."

Veit alivua koti akalitandika kwenye majani. Rapp na vibarua walitia mitaimbo chini ya jiwe, wakaliinamisha, likaanguka ubavu kwa kishindo kama mlango wa kaburi. Mzee akainua mkono.

"Hatua ishirini. Migongo. Atakayegeuka, ajue amenizika mimi."

Walirudi nyuma hatua ishirini na kugeuka, wote sita, wakatazama Bavaria. Ilifanana na Württemberg.

Jumbe alisimama bega kwa bega na Rapp. "Unajua, Sajini," alisema kwa sauti ndogo, "watu wanasema unanitafuta kwa ajili ya mkeo."

"Mke wangu ana jina."

"Walburga, Mungu amrehemu. Lakini farasi siku ile walihitajika. Wageni wa mkuu wa wilaya walikuja kuwinda, nilipewa amri. Mimi ni mtu wa amri kama wewe."

"Daktari alikuwa umbali wa saa moja kwa kigari cha theluji," alisema Rapp. "Farasi wanne walivuta mabwana na mbwa wao. Alikufa Jumapili saa kumi, na nyinyi mlirudi saa kumi na mbili na nguruwe pori wawili. Ukaniletea paja."

"Lilikuwa jambo la heshima."

"Nililizika."

Jörg alikohoa. "Mabwana, mkigombana kwa sauti ndogo mimi sisikii, na sina burudani nyingine."

Nyuma yao kulisikika kucha za mzee zikikwaruza udongo, halafu pumzi.

"Geukeni," Veit aliita.

Alikuwa amepiga magoti. Koti lake lilikuwa limefunika shimo lote, na mikono miwili ameikandamiza juu yake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kama jivu.

"Mashahidi wamo?" aliuliza Rapp.

"Wamo."

Jumbe alipiga makofi mara moja. "Basi. Umesikia, Sajini? Wamo. Jiwe lina mashahidi, ramani imeshindwa, chemchemi ni yangu. Mfungwa apelekwe mjini."

"Sijamaliza," alisema Veit. "Wamo. Lakini si wetu."

"Maana yake nini si wetu?"

"Aliyewaweka hawa si mtu wa Saba wa Haselrot. Ndiyo maana yake."

"Amechoka," Jumbe alisema akigeukia vibarua wake. "Miaka sabini na minne. Ameona udongo, akaona wingu."

Rapp alitoa daftari lake na kalamu. Akailowanisha kalamu kwa ulimi, polepole, akaanza kuandika huku akisema maneno kwa sauti, kama mtoto wa shule.

"Jiwe... la arobaini... na moja. Limeng'olewa... mbele ya mwapishwa. Chini... pamekutwa... shimo tupu."

"Unaandika nini wewe?"

"Mashahidi wasio wa kijiji si mashahidi. Ni takataka. Kwa hiyo naandika shimo tupu. Jiwe lisilo na mashahidi ni la kujengea banda la nguruwe. Ramani inashinda. Uzio huu uvunjwe leo kabla jua halijazama, na vibarua wako wataanza..."

"Futa!"

"...wataanza kwa nguzo ya kwanza..."

"Futa neno hilo! Shimo tupu lipi? Vigae vinne vimo humo, kimoja kimesimama katikati, halafu huyu mzee mshenzi..."

Jumbe alijiziba mdomo kwa mkono.

Kunguru mmoja aliruka. Kibarua mmoja, yule mdogo, alimtazama bwana wake, halafu akatazama koti juu ya shimo, halafu akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Vinne," alisema Rapp. Hakuandika. "Na kimoja kimesimama."

"Nilikisia."

"Ulikuwa umetoa mgongo, hatua ishirini. Mimi nilikuwa na bega lako hapa."

"Nimesema nilikisia! Kila mtoto huku anajua huwa vinne."

"Mimi ni binti wa mkubwa wa Wazee Saba," alisema Apollonia. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulitisha kuliko kelele. "Miaka ishirini nimemfulia baba suruali zenye udongo wa mashimo haya. Sijui ni vingapi. Nilipokuwa mdogo nilimpigia magoti aniambie, akanichapa."

Rapp aliwageukia vibarua. "Nyinyi?"

"Mimi nilidhani ni mifupa ya paka," alisema yule mdogo.

"Kaspar aliling'oa alfajiri ya Jumanne," Rapp alisema, akimwambia Jumbe usoni, kila neno na mahali pake. "Alivunja utaratibu, alikuja peke yake, kwa sababu alitaka kuwa na hakika kabla ya kumwaibisha mkubwa wa kijiji mbele ya watu. Hiyo ndiyo heshima aliyokufanyia. Akaona mashahidi wageni chini. Nawe ulikuwa umekuja kutazama uzio wako. Ukampiga akiwa ameinama, ukarudisha jiwe lako, ukashuka baani ukachukua kofia ya Jörg kwenye msumari, ukaja kuitupa hapa."

"Hadithi nzuri. Nani atakayeisimulia mahakamani?" Jumbe alikuwa amepata pumzi tena. Aliitoa ile leso safi, akapangusa paji la uso. "Nilitamka namba. Namba ni upepo. Ili namba yangu iwe hatia, lazima mtu mwenye kiapo aseme kweli ndivyo ilivyo chini. Ni mtu mmoja tu katika ufalme huu anayeweza kusema. Mzee Veit, nani alikuapisha?"

"Jumbe aliyekutangulia," alisema Veit bila kuinua kichwa.

"Ukasema nini?"

"Kwamba sitasema. Mpaka kaburini."

"Basi."

"Mzee," Rapp alisema, "wewe hujaulizwa alama ya Haselrot. Unaulizwa hii ya wizi. Hukuapa kuwalinda mashahidi wa Kreuzfelden."

Jumbe alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli. "Sajini, wewe shule uliacha mapema. Akisema hapa ni vinne na si vyetu, si ameshasema kwamba vyetu havikai hivyo? Kesho mahakamani atasema, wakili atauliza: umejuaje si vyenu? Atajibu nini? Akijibu, siri ya mawe yote mia mbili ya Haselrot imekwisha, na kila mwenye mtaimbo anaweza kujipimia shamba. Asipojibu, ushahidi wake ni mkia bila ng'ombe. Sijaitunga mimi hiyo sheria. Nimeikuta."

"Mmeikuta," alisema Rapp. "Wakubwa mnaikuta sheria kila mahali, kama mbwa anavyoukuta mfupa. Wadogo ndio wanaoapa, wakubwa ndio wanaojificha nyuma ya kiapo."

"Andika hilo pia kwenye daftari."

Rapp alilitazama lile koti. Lilikuwa koti kuukuu la sufu, kiwiko kimetiwa kiraka. Hatua mbili, mkono mmoja, na angeona mwenyewe. Jumbe alimwona akitazama, akasogea pembeni, akamfungulia njia kwa mkono kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni mezani.

"Tafadhali, Sajini. Funua. Jicho lisiloapa likiona, mashahidi wamekufa. Utakuwa umenivua mwenyewe kamba ya shingoni."

Rapp hakusogea. Mkono wake ulikuwa juu ya upanga.

"Kesho saa sita," Jumbe alisema. "Mkuu wa wilaya hapendi kuchelewa. Jörg, jiandae. Mjini wanakupa supu."

"Asante, Bwana Jumbe," alisema Jörg. Halafu akamgeukia Veit, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuwa na mzaha mdomoni, ingawa maneno yalitoka na sura ya mzaha, kwa kuwa hakuwa na sura nyingine ya kuyavalisha. "Mzee Veit, mawe ni mia mbili. Kichwa changu ni kimoja, na hakuna aliyezika shahidi chini yake."

Mzee alibaki amepiga magoti. Apollonia alimwendea, akachuchumaa mbele yake, wakatazamana juu ya lile koti.

"Amu," alisema, "ungekuwa wewe umelala pale Jumanne, baba angesema?"

"Baba yako?" Mzee alitikisa kichwa. "Baba yako asingesema, mwanangu. Ndiyo maana walimchagua."

"Na wewe ulichaguliwa na nani?"

Mikono ya mzee ilikuwa bado imekandamiza koti, udongo mwekundu umejaa chini ya kucha, na chini ya mikono ile lilikuwepo neno moja tu, namba moja, ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuitamka. Jumbe alikuwa amekunja mikono kifuani. Vibarua walikuwa wamevua kofia, hawakujua kwa nini. Jörg alikuwa amefumba macho.

Rapp alifungua ukurasa mpya. Akaandika tarehe, 16 Oktoba. Akaandika jina: Veit Schümm, mwapishwa, wa mwisho. Akailowanisha kalamu tena, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mzee, na sauti yake, ambayo kijiji kizima kiliijua kuwa ni sauti ya kuamrisha, ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

"Mzee Veit Schümm. Kwa jina la mfalme, na kama mfalme hakutoshi, kwa jina la Kaspar. Mashahidi waliomo chini ya jiwe hili ni wangapi?"